Kutoka Cambridge hadi Ephrata: siku nane kwenye njia ya trakti

Njia hii inapita miji ya Marekani ambako trakti za Kikristo, yaani vijitabu vifupi vya dini, zilichapwa na kuuzwa tangu enzi za ukoloni wa Mwingereza hadi miaka ya 1840. Inaanzia Massachusetts na kuishia Pennsylvania. Sehemu kubwa unaweza kwenda kwa treni. Sturbridge na Ephrata zinataka gari. Katika kila kituo uliza mambo mawili tu: karatasi ililipiwa na nani, na fedha ilirudi kwa njia gani. Kupiga chapa kwenyewe kulikuwa kazi ya kujifunza na kuzoea. Kufikisha kijitabu kwa mkulima aliyeko umbali wa siku mbili, kisha kupata senti yake, ndiko kulikowafilisi watu.

Siku ya 1: Cambridge na Boston

Anza Cambridge, kwa sababu ndiko chapa ilikotangulia. Shuka Harvard Square, ingia mtaa wa Dunster, utaona kibao kinachomtaja Stephen Daye. Mashine aliyoifanyia kazi ilipakiwa melini Uingereza mwaka 1638 na mchungaji Jose Glover, ambaye alifariki baharini. Aliyefika nayo ni mjane wake, Elizabeth. Mwaka 1640 ikatoa kitabu cha Zaburi za kuimbwa kanisani, nakala 1,700 hivi. Zinazojulikana leo ni 11, na moja iliuzwa mnadani New York mwaka 2013 kwa dola zaidi ya milioni 14. Bei hiyo isikudanganye ukadhani kilikuwa kitabu cha kutunzwa kabatini. Nakala zimebaki chache kwa sababu zilishikwa kila Jumapili mpaka zikachanika. Ndivyo ilivyo kwa trakti pia: iliyosomwa sana ndiyo adimu, na iliyobaki safi mara nyingi ni ile ambayo hakuna aliyeitaka.

Mashine za hapa hapa Cambridge ndizo zilizotoa Biblia nzima mwaka 1663 kwa lugha ya wenyeji wa Massachusetts, tafsiri ya John Eliot na wasaidizi wake wenyeji, kwa fedha iliyochangwa Uingereza. Mmoja wa waliopanga herufi zake alikuwa James Printer, mwenyeji wa kabila la Nipmuc. Yeyote aliyewahi kupanga maneno marefu ya lugha asiyoizoea bwana wake anajua ni nani hasa aliyekuwa akisahihisha makosa pale.

Mchana vuka mto Charles uende Boston. Mtaa wa Cornhill, uliokuwa wa wauza vitabu, umefunikwa na uwanja wa jengo la manispaa. Limebaki jengo refu lililopinda, Sears Crescent, linaloonyesha mtaa ulivyokata kona. Katika karne ya 17 wauza vitabu walijibana kuzunguka baraza la mji, maana soko, mahakama na wafanyabiashara vyote vilikuwa hapo. Mteja wao alikuwa mtu mwenye shughuli mjini. Mkulima hakuwa na sababu ya kuja.

Wa kumfikia mkulima alikuwa mchuuzi wa mabegani. Cotton Mather, mchungaji wa Boston aliyechapisha maandiko zaidi ya 400, aliandika katika shajara yake mwaka 1683 kuhusu mchuuzi mzee ambaye angeweza kuijaza nchi vitabu vya kumcha Mungu kama angeelekezwa. Hilo ni wazo la kibiashara kuliko linavyosikika. Mchuuzi hakuishi kwa vijitabu peke yake. Alibeba sindano, uzi, utepe na vitana, na vijitabu vilipanda juu ya mzigo huo kwa sababu ni vyepesi na havivunjiki. Faida ya sindano ndiyo iliyolipia mwendo wa miguu.

Ukipita kona ya mitaa ya Washington na School utaona jengo la matofali la mwaka 1718 lililokuja kuwa duka maarufu la vitabu katika karne ya 19. Sasa hivi ni mgahawa wa vyakula vya Kimeksiko.

Siku ya 2: Andover

Treni ya Haverhill kutoka North Station, Boston. Andover iko kilomita 35 hivi kaskazini.

Mwaka 1814 chama cha trakti cha New England kilianzishwa, na kazi yake ya chapa ikawekwa Andover, mji mdogo, badala ya Boston. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Andover ilikuwa na chuo cha theolojia, kwa hiyo wahariri walipatikana bila mshahara. Wanafunzi wa chuo walitawanyika kwenda kuhubiri vijijini, kwa hiyo wabebaji walipatikana pia. Na kiwanda cha Flagg na Gould, kilichokuwa na herufi hadi za Kiebrania kwa ajili ya maprofesa, kilikuwa na kazi ya kudumu. Vyama vya namna hii vilikuwa vimeshatokea Connecticut mwaka 1807 na New York mwaka 1812, vyote vikiiga chama cha London cha mwaka 1799.

Kilichowasumbua ni maghala. Trakti zilipelekwa kwa makasha kwenye bohari za miji, kwa kawaida ndani ya duka la mtu aliyekubali kuzitunza. Kila trakti ilikuwa na namba yake. Ukiwa na namba 50 unahitaji vishubaka 50, na ndani ya miezi michache namba kumi zinazopendwa zimekwisha, zile 40 zimejaa vumbi. Mwenye duka anaandika barua kuomba zile kumi. Makao makuu yanamuuliza mbona hajalipa kasha la kwanza. Mali kauli ni hiyo hiyo kila mahali.

Siku ya 3: Worcester

Kutoka South Station, Boston, kilomita 65 hivi magharibi. Siku nzima iachie American Antiquarian Society, maktaba iliyoanzishwa na mpiga chapa Isaiah Thomas mwaka 1812. Hakuna kuchagua kitabu rafuni: unajiandikisha, unajaza ombi, unaletewa mezani. Mashine yake ya mbao, iliyotengenezwa London, imehifadhiwa hapo. Thomas aliitorosha kutoka Boston usiku wa tarehe 16 Aprili 1775, siku tatu kabla ya risasi za Lexington zilizoanzisha vita vya uhuru dhidi ya Mwingereza.

Omba trakti za miaka ya 1820, kisha tazama vitu vitatu. Juu ya ukurasa wa kwanza kuna namba ya mfululizo. Chini ya baadhi ya kurasa kuna herufi au tarakimu ndogo peke yake, alama ya kumwongoza mkunjaji. Na mara nyingi utakuta namba mbili za ukurasa: ya juu inahesabu ndani ya trakti, ya chini inaendelea kutoka trakti iliyotangulia. Hiyo ya pili iliwekwa ili trakti zile zile zilizouzwa moja moja zikusanywe, zishonwe na kuuzwa kama kitabu kizima. Kupanga herufi ni mara moja, kuuza ni mara mbili.

Tangazo la Thomas la Biblia kubwa mwaka 1790 lingefaa kusomwa na kila mchapishaji. Bei ilikuwa shilingi 42. Asiyekuwa na fedha taslimu aliruhusiwa kulipa nusu, shilingi 21, kwa ngano, shayiri nyeusi, mahindi, siagi au nyama ya nguruwe, mradi afikishe mzigo dukani Worcester au Boston kabla ya tarehe 20 Desemba. Nusu ya pili italipwa taslimu Biblia zikiwa tayari. Desemba haikuchaguliwa ovyo. Mavuno yako ghalani, nguruwe wamechinjwa, na barafu imeifanya njia ipitike kwa sleji. Vyakula hivyo Thomas aliweza kuvigeuza mishahara, maana wafanyakazi wake nao walikula.

Wauza vitabu wenyewe kwa wenyewe walilipana kwa karatasi. Wa Worcester alichapa nakala nyingi za hotuba moja, wa Hartford vivyo hivyo nyingine, kisha wakabadilishana marundo ya karatasi zilizochapwa, bado hazijakunjwa. Kila mmoja akapata aina nyingi dukani bila kutoa fedha. Hatari yake iko wazi: unatoa kinachouzika, unapokea kilichomshinda mwenzako. Mizigo ilisafirishwa ikiwa karatasi tupu kwa sababu jalada la ngozi ni uzito, na anayenunua atachagua mwenyewe jalada la kiasi chake.

Siku ya 4: Sturbridge

Gari, kilomita 30 hivi kusini-magharibi. Old Sturbridge Village ni kijiji cha makumbusho, na ofisi yake ya chapa ni jengo lililohamishwa kutoka Worcester. Kaa hapa mpaka uelewe, kwa sababu kila bei utakayoisikia baadaye imetokana na meza hizi.

Kazi inaanza jioni ya kuamkia siku ya chapa, kwa kulowesha. Karatasi ya wakati huo ilitengenezwa kwa matambara na kukazwa kwa gundi ya ngozi. Ikiwa kavu haipokei wino vizuri na inakula herufi. Unachukua fungu la karatasi 24, unalipitisha majini, unaliweka juu ya lililotangulia, unafunika kwa ubao na mawe. Asubuhi unapindua mafungu ili unyevu uenee sawa. Ikilowa mno wino unatapakaa na karatasi inachanika kwenye pini zinazoishika mashineni. Ikiachwa siku kadhaa wakati wa joto, inaota ukungu, na rimu nzima imekwenda.

Matambara yenyewe yalikuwa hadithi ya kila nyumba. Zenas Crane alipofungua kinu chake Dalton mwaka 1801 aliwaomba akina mama kupitia gazeti wasitupe vitambaa chakavu. Kwanza ilikuwa kitani. Viwanda vya nguo vya Massachusetts vilipokua, pamba ikazidi. Ni pamba ya viwanda hivyo hivyo iliyopakiwa Salem ikashushwa Unguja kwa jina la merikani.

Mpangaji herufi anasimama mbele ya trei mbili, ya herufi kubwa juu na ya herufi ndogo chini. Anashika kibao cha chuma mkono wa kushoto, anadondosha herufi moja moja kichwa chini, akisoma kutoka kushoto. Mstari ukijaa anasawazisha nafasi mpaka ukae imara bila kulazimishwa. Kurasa zinafungwa kwa uzi, zinapangwa juu ya jiwe, zinazungushiwa fremu ya chuma na kukazwa kwa kabari za mbao. Kabla ya kubeba, unainua ukingo kidogo na kubonyeza kwa vidole. Herufi inayocheza sasa itaanguka njiani, na ikianguka itaondoka na jirani zake.

Wino ni masizi na mafuta ya kitani yaliyochemshwa mpaka yavute nyuzi kati ya vidole. Unapakwa kwa mipira miwili ya ngozi iliyojazwa sufu, yenye mipini ya mbao. Ngozi ikikauka inakuwa ngumu na kupaka mabaka, kwa hiyo usiku ililowekwa kwenye mkojo. Kazi hiyo, bila shaka, alipewa mwanagenzi.

Mashine inataka watu wawili. Mmoja anapaka wino, akigonga na kuzungusha mipira. Mwingine analaza karatasi, anafunika, anasukuma kitanda ndani, anavuta mkono wa mashine. Kwenye mashine ya mbao, bamba la kugandamiza linafunika nusu tu ya kurasa, hivyo anavuta, anasukuma tena, anavuta mara ya pili. Kipimo cha kazi kilikuwa karatasi 240 hivi kwa saa, upande mmoja. Mikono ikichoka kasi inashuka, na makosa yanaanza: fremu inayotikisika inatoa maandishi yenye kivuli, wino uliozeeka unaziba matundu ya *a* na *e*, uchafu chini ya karatasi unaacha duara jeupe.

Sasa hesabu. Karatasi moja ikikunjwa kwa mtindo wa kumi na mbili inatoa kurasa 24. Trakti ya kurasa 12 ni nusu karatasi, na hapo kuna ujanja mzuri: kurasa zote 12 zinafungwa katika fremu moja, zinachapwa upande wa kwanza, karatasi inageuzwa, zinachapwa zile zile upande wa pili, kisha karatasi inakatwa katikati. Kila nusu ni trakti kamili. Rimu ya karatasi 480 inatoa nakala 960, ukitoa zilizoharibika. Mashine inapita mara 960, yaani saa nne kwenye vitabu vya hesabu, na zaidi kidogo kwenye chumba halisi.

Ndiyo maana trakti nyingi zina kurasa 4, 8, 12, 16 au 24. Mhubiri aliyeandika kurasa 13 alikatwa, asipokatwa nafasi ilijazwa wimbo au sala. Ukikuta trakti inayoisha kwa tenzi isiyohusiana na habari yenyewe, mtunzi hana kosa; mkunjo wa karatasi ndio ulioamua.

Baada ya chapa, karatasi zinaanikwa kwenye kamba za darini. Kukunja na kushona mara nyingi ilikuwa kazi ya wanawake na wasichana: mkunjo unapigwa kwa kipande cha mfupa, matundu matatu yanatobolewa karibu na mgongo, uzi unaingia katikati, unazunguka juu na chini, unafungwa fundo. Jalada hakuna. Ukurasa wa kwanza ndio jalada, na ndio unaochakaa wa kwanza.

Siku ya 5: Hartford, kisha New York

Hartford ni kituo cha saa chache. Hapa Hudson na Goodwin walichapa vitabu vya shule, vya dini na vya nyimbo, na Connecticut ndiyo iliyozalisha wachuuzi wa gari la farasi. Vyombo vya bati vya mji wa Berlin, kusini ya Hartford, vilisambazwa na wachuuzi hao tangu karne ya 18, na vitabu vilisafiri nao. Kumbuka yule mchuuzi wa sindano wa Boston. Huyu ana magurudumu tu.

Jioni treni kupitia New Haven hadi New York, kilomita 180 hivi.

Siku ya 6: New York

Nenda mtaa wa Nassau, namba 150, kona ya Spruce. Ghorofa refu lililopo lilimalizika mwaka 1895 na bado linaitwa kwa jina la American Tract Society, ingawa chama chenyewe kilihama zamani. Deni la jengo lilikielemea. Kiwanja hiki kilikuwa makao yao tangu miaka ya mwanzo. Chama kilizaliwa Mei 1825 kwa kuunganisha vyama vya New York na New England, na Arthur Tappan, mfanyabiashara wa hariri, alikuwa miongoni mwa waliotoa fedha nyingi za mwanzo.

Kanuni ya uchapishaji ilikuwa kali. Wajumbe wa kamati walitoka madhehebu tofauti, na mmoja akikataa, trakti haitoki. Ilileta amani kati ya Wabaptisti na Wapresbiteri, maana habari ya ubatizo wa maji mengi au machache haikuguswa. Ililetea chama aibu pia: utumwa nao haukuguswa, na katika miaka ya 1850 ukimya huo ulikipasua.

Bei ilikuwa kurasa kumi kwa senti moja. Rudi kwenye rimu ya Sturbridge: nakala 960 za kurasa 12 ni kurasa 11,520, yaani dola 11 na senti 52 ikiwa zote zimeuzwa na zote zimelipwa. Humo utoe karatasi, wino, mishahara, kushona, kasha, nauli na punguzo la bohari. Hakuna duka la kawaida lingeishi kwa hesabu hiyo. Chama kiliishi kwa michango: dola 2 kwa mwaka ukawa mwanachama, dola 20 kwa mkupuo ukawa mwanachama wa maisha.

Kilichobadilisha mambo ni bamba la kumwaga, yaani ukurasa mzima uliofanywa kipande kimoja cha risasi. Kwa herufi za kawaida, ukimaliza kuchapa unazirudisha kwenye trei ili upange kitu kingine. Ukitaka kuchapa tena unaanza upya, na makosa mapya. Kuziacha zimefungwa kunataka mtaji wa kununua herufi nyingine. Kwa hiyo mchapishaji alilazimika kubashiri: achape nyingi mno karatasi imlalie, au chache mno apange upya. Mbinu ya bamba iliingia New York kutoka Uingereza, na kitabu cha kwanza cha namna hiyo kuchapwa nchini, katekisimu, kilitoka hapa mwaka 1813. Chama cha Biblia cha Philadelphia kilikuwa kimeshapata mabamba yake kutoka London mwaka mmoja kabla.

Hatua zake: panga ukurasa, usahihishe mpaka uridhike; paka mafuta; mwagia plasta laini; inua kalibu ya plasta na uikaushe kabisa kwenye tanuri; izamishe kwenye risasi iliyochanganywa na antimoni; poza, vunja plasta, chonga mgongo mpaka unene uwe sawa, pigilia kwenye kipande cha mbao. Pa kuharibikia ni pengi. Plasta yenye unyevu hutoa mvuke na kupasuka ndani ya chuma. Kiputo cha hewa kikikaa kwenye tundu la herufi kinakuwa kitone cha risasi, kinachotolewa kwa patasi ndogo. Bamba lisilo sawa mgongoni linachapa upande mmoja mweusi, upande mwingine hafifu, na dawa yake ni kubandika vipande vya karatasi chini. Lakini likishakaa sawa, unachapa nakala unazohitaji mwezi huu, unalirudisha rafuni. Karatasi, ambayo ndiyo gharama kubwa, hainunuliwi mpaka kuna mteja.

Daniel Fanshaw, aliyechapa kazi za chama hiki na za American Bible Society ya mwaka 1816, aliweka mashine za Daniel Treadwell wa Boston, zilizoendeshwa kwa nguvu za wanyama au mvuke na kutoa zaidi ya maradufu ya mashine ya mkono. Wasichana walilisha karatasi. Picha za mbao kwenye kurasa za kwanza, nyingi zilichongwa na Alexander Anderson. Fundi aliyejua kwamba mchuuzi anamwonyesha mteja picha kabla ya maneno.

Wingi ukawa si tatizo tena, na hapo udhaifu wa usambazaji ukaonekana wazi. Mwaka 1829 walijaribu mjini: New York ikagawanywa kwa kata na vitongoji, kila kitongoji na mgawaji wake, trakti moja ile ile kwa kila nyumba kila mwezi, bure. Mjini iliwezekana. Mashambani matawi yalipokea mizigo kwa mkopo na mengi yakachelewa kulipa, na Bible Society, iliyoazimia mwaka huo huo kuifikishia Biblia kila nyumba isiyo nayo, ilionja adha hiyo hiyo.

Mwaka 1841 wakaanza kuajiri wainjilisti wa vitabu, mshahara dola 150 kwa mwaka pamoja na gharama za njiani. Maelekezo yao hayana mzaha: ingia kila nyumba bila kuruka, uza kwanza, asiye na uwezo mpe bure, zungumza, omba pamoja nao ikiruhusiwa, andika. Taarifa ilikuwa na hesabu za familia zilizotembelewa, vitabu vilivyouzwa, vilivyotolewa bure, na nyumba zisizo na Biblia. Sharti la kuuza kwanza lilitokana na uzoefu wa miaka ya kugawa. Mtu akitoa senti zake hata tano, kitabu kinapanda rafu. Cha bure kinawashia moto. Kwa maoni yetu hapa ndipo chama kilipopata akili ya biashara, miaka 16 baada ya kuanzishwa.

Siku ya 7: Philadelphia

Kilomita 150 hivi kwa treni. Mji huu una wafu wengi wa biashara ya vitabu vya dini.

Robert Aitken alichapa Biblia nzima ya Kiingereza mwaka 1782, ya kwanza nchini, nakala 10,000, wakati vita vimezuia meli za London. Bunge likaipa pongezi ya maandishi mwezi Septemba. Amani ikaja, Biblia za bei nafuu za Uingereza zikaanza kushuka bandarini tena, na Aitken akabaki na shehena na hasara. Pongezi hailipi deni la karatasi.

Mathew Carey, Mkatoliki kutoka Ireland, alichapa Biblia ya Kikatoliki mwaka 1790, kisha ya Kiprotestanti mwaka 1801, na baadaye akanunua herufi za kutosha kuiacha imefungwa daima, tayari kuchapwa wakati wowote. Mbebaji wake kusini alikuwa Mason Locke Weems, kasisi wa Kianglikana aliyezunguka na gari la vitabu kwa miaka 30 hivi, akilenga siku za mahakama na za uchaguzi, watu wanapokusanyika na fedha mfukoni. Alihubiri, akauza, akaandika majina ya wanaoagiza. Barua zake kwa Carey zimejaa manung'uniko yale yale: makasha yamechelewa, ya theolojia nzito yamezidi, vitabu vyepesi vyenye jalada la kupendeza havitoshi. Carey naye alitaka fedha yake. Wote wawili walikuwa na haki.

Wamethodisti walitatua tatizo hilo kwa mfumo. John Dickins alianzisha duka lao la vitabu hapa mwaka 1789, akiwa amekopesha dola 600 zake mwenyewe. Kila mhubiri wa mzunguko akawa wakala: vitabu kwenye mikoba ya tandiko, kamisheni iliyopangwa kati ya asilimia 15 na 25, hesabu kufungwa kwenye mkutano wa mwaka. Mhubiri asiyelipa alisimama mbele ya wenzake. Dickins alifariki kwa homa ya manjano mwaka 1798. Duka lilihamia New York mwaka 1804.

Malizia kanisa la Mother Bethel, kona ya mitaa ya Sixth na Lombard. Homa hiyo ilipoua maelfu mwaka 1793, Carey aliandika kijitabu kilichowasingizia wauguzi weusi kwamba waliwakamua wagonjwa. Absalom Jones na Richard Allen, mwanzilishi wa kanisa hili, wakajibu mwaka 1794 kwa kijitabu chao, wakionyesha mapato na matumizi, majeneza na vibarua, mpaka hasara waliyobaki nayo. Ni nadra kuona kijitabu cha wakati ule kinachojitetea kwa daftari la hesabu, na kinasomeka mpaka leo.

Siku ya 8: Germantown na Ephrata

Germantown ni treni ya mjini, kilomita 10 hivi. Christopher Sauer alichapa hapa Biblia ya Kijerumani mwaka 1743, nakala 1,200, kwa herufi zilizotoka Frankfurt, miaka 39 kabla ya ile ya Aitken. Mwanawe alitoa toleo la pili mwaka 1763 na la tatu mwaka 1776. Karatasi nyingi za hilo la tatu zilikuwa bado hazijajalidiwa vita vilipofika Germantown mwaka 1777, na zikaishia kufungia baruti za bunduki.

Ephrata iko kilomita 100 hivi magharibi. Majengo ya mbao ya jumuiya ya kidini ya Conrad Beissel yamesimama: paa zenye mteremko mkali, milango mifupi. Walikuwa na kinu cha karatasi, chapa na ushonaji wa vitabu mahali pamoja. Kati ya 1748 na 1749 walitoa kitabu cha mashahidi wa imani kwa ajili ya Wamenoni, kurasa zaidi ya 1,500, nakala 1,300. Kikubwa kuliko kitabu chochote kilichochapwa katika makoloni. Mgawanyo wa kazi umeandikwa katika kumbukumbu zao: ndugu 15, kati yao mtafsiri ambaye ndiye pia msahihishaji, wapangaji herufi wanne, wapiga chapa wanne, na sita kwenye kinu. Kazi ilichukua miaka mitatu, na si mfululizo, kwa sababu karatasi iliisha mara kwa mara hata kwa watu waliokuwa na kinu chao. Watu sita wa karatasi kwa wanne wa mashine, na bado haikutosha.

Bei ilikuwa shilingi 20. Wamenoni waliotaka kitabu walikuwa wakulima waliotapakaa, na nakala hazikuisha. Zaidi ya miaka 25 baadaye karatasi ambazo hazijauzwa zilikuwa bado zimerundikwa Ephrata, na jeshi la Marekani likaja kuzichukua kufungia baruti.